Kliniki imeniweka kwenye grupu la WhatsApp bila kuniuliza, sasa wifi hali tena chapati zangu

Shikamoo Shangazi,

Nisamehe barua ni ndefu, naandika usiku watu wamelala. Naomba usinitaje jina, sema tu mama wa Tanga inatosha.

Nina miaka 31 na watoto wawili. Naishi kwa wakwe, mume wangu ni utingo wa lori la kwenda Tunduma, akiondoka ni wiki mbili mpaka tatu, kwa hiyo nyumbani tupo mimi, mama mkwe, wifi yangu na watoto. Kazi yangu chapati na maandazi, naamka saa kumi alfajiri, saa mbili asubuhi nishauza nishaosha vyombo.

Shangazi mimi naishi na VVU, huu mwaka wa sita. Nilijulia kliniki ya wajawazito, mimba ya huyu wa pili. Mume wangu nilimwambia siku ileile, nikajua ndo ndoa imeisha, yeye akakaa kimya kama siku mbili afu akasema twende na mimi nipime. Alikutwa hana, na mpaka leo anapima na hana, na mtoto alipimwa mpaka alipoacha ziwa hana. Dawa nameza saa tatu usiku, na huyo mume wangu popote alipo ikifika saa tatu ananibipu, inaita mara moja anakata, sipokei, mi najua ndo dawa hiyo. Miaka yote sita. Chupa ya vidonge naiweka kwenye kopo la hamira, nimejaza pamba juu visilie nikiibeba, maana kwenye vitu vyangu vya chapati hakuna anayegusa. Zaidi ya mume wangu hakuna mtu hata mmoja anayejua, hata mama yangu mzazi.

Sasa mwezi wa tatu pale kliniki walisema wanahakiki namba za simu, nikatoa yangu, na namba ninayo moja tu ndo hiyohiyo ya biashara, nimeiandika kwa maka peni kwenye boksi pale mezani watu wanalipia, nusu ya mtaa wameniseivu Mama Chapati. Hawakuniuliza kingine chochote. Wiki iliyofuata nashangaa nimeingizwa kwenye grupu la WhatsApp linaitwa CTC ALHAMISI KUNDI B, CTC ndo kliniki yetu ya matunzo na tiba ya VVU, watu 64. Namba zote zinaonekana. Na picha yangu ya profaili nilikuwa nimekaa na mama mkwe siku ya Idi. Nikaanza kupitia namba moja moja moyo unanienda mbio, nikakuta namba ya mama mmoja mteja wangu kabisa, huyo kila Ijumaa anachukua chapati kumi, na kama mimi nimemuona basi na yeye kaniona. Tangu siku hiyo haji mwenyewe, anamtuma mtoto, na mtoto akija naona aibu sijui kwa nini. Nilitaka kuleft nikaogopa itaandika nimetoka watu waanze kuulizana huyo nani.

Afu wiki mbili zilizopita ndo ikawa balaa. Mhudumu anayesimamia grupu akaposti picha ya karatasi, kaipiga kwa simu yake, orodha ya waliopitisha tarehe ya dawa. Ina majina matatu ya mtu, namba ya kadi, namba ya simu na mtaa anaokaa. Mimi nilichelewa siku mbili tu, mtoto alikuwa na homa. Na wakati inaingia simu anayo wifi, alikuwa anatumia bando langu kuangalia video zake, meseji ikashuka pale juu ya kioo. Akasoma kwa sauti, "CTC Alhamisi, wafuatao mfike haraka." Akaniuliza, wifi hii CTC ndo nini? Nikamwambia kikoba. Akasema "mh, kikoba", akanipa simu yangu akaingia ndani. Kesho yake chapati yake niliyomwekea kama siku zote, nimerudi kutoka sokoni saa tano nikaikuta palepale imefunikwa na sahani, chai imepoa. Na keshokutwa yake hivohivo. Hajamwambia mtu, au kama kasema mi sijui, ila chapati zangu hali tena.

Nilienda kwa yule mhudumu nikasubiri mpaka watu wakaisha, nikamwambia jamani hii si sawa. Akanijibu, mama mbona wote mle ndani mna hali moja, unamwogopa nani? Nikakosa la kusema nikaondoka.

Alhamisi iliyopita ilikuwa tarehe yangu, sikwenda. Nikifikiria kukaa lile benchi naona kama kila mtu ana ile picha mfukoni. Mume wangu kwa hasira anasema achana nao tutanunua dawa, sijui atanunua wapi, na anasema akirudi anaenda kuwawasha moto, na mimi naogopa akigombana ndo mtaa mzima utajua. Nimebakiwa na vidonge tisa.

Nimekuambatanishia ile picha uone mwenyewe, mimi ni wa nne kutoka juu. Nishauri Shangazi, nihame kliniki, ninunue laini nyingine, wifi nimwambie ukweli au niendelee na kikoba, na hivi kuna sheria yoyote inayomlinda mtu kama mimi au ndo basi tena?

Mama wa Tanga

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu.

Wasomaji wengine mjue kwanza, huyu mama nilimjibu usiku uleule kwa sababu ya vile vidonge tisa. Hii mnayosoma imekuja baadaye kwa ruhusa yake, nimemsomea yote kwenye simu, na tumebadilisha mji, biashara, idadi ya watu na jina la grupu. Kwa hiyo kama unasoma na unajiona unamjua mama chapati fulani wa Tanga, si yeye, mwache auze.

Dawa kwanza, mengine yote yanasubiri. Dawa za kufubaza virusi serikali inazitoa bure kwenye CTC, hizi hazitafutwi dukani, na mtu atakayekubali kumuuzia baba watoto pembeni huko hajui anamuuzia nini wala imekaa juani siku ngapi. Kama miguu inakuwa mizito kurudi pale, usirudi pale kwanza. Chukua kadi yako nenda CTC ya kituo kingine, hata wilaya ya jirani, waambie dawa zinakuishia na kwako huwezi kufika sasa hivi, watakupa za muda. Nimekaa CTC miaka mingi kabla sijastaafu unesi, mtu mwenye kadi kutoka kituo kingine atasubirishwa, ataulizwa maswali mpaka achoke, lakini dawa anapata. Na ukiamua kuhama moja kwa moja ni haki yako, unaomba uhamisho, kituo chako kinakuandikia fomu na historia yako ya matibabu unaenda nayo.

Na mwambie mumeo hivi, maana naona hasira zake ni za upendo. Yeye mpaka leo hana virusi kwa sababu wewe unameza. Kuna utafiti mkubwa wa Ulaya unaitwa PARTNER, matokeo yake yalitoka 2016, walifuatilia wapenzi jozi 888, mmoja ana VVU yuko kwenye dawa na virusi vimefubaa, mwenzie hana, na kondomu hawatumii. Hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzi wake. Lile kopo la hamira ndilo linalomlinda, kwa hiyo ugomvi wowote na kliniki usianze kabla kopo halijajazwa.

Sasa ile picha. Mwanangu, nimeifuta. Niliifungua nikaona jina lako la nne kutoka juu kama ulivyosema, ila nikaona na wengine kumi na mbili, majina matatu matatu, na mtaa wanaokaa. Mmoja nina uhakika namfahamu ukoo wake. Mimi sikutakiwa kujua hilo na nitaishi nalo kimya mpaka nafa. Najua ulitaka nikuamini, na si wa kukulaumu, uliumia ukakimbilia kwa mtu uliyedhani atasaidia, lakini ona jinsi ilivyo rahisi, picha imetoka kwa mhudumu ikaja kwako ikaja kwangu na katikati hakuna hata mmoja aliyekuwa na nia mbaya. Wale kumi na mbili hawakukuruhusu. Kama utahitaji ushahidi, na utauhitaji, ibakize nakala moja tu, majina ya wenzako uyafunike kwa kalamu ya kuchorea picha iliyopo kwenye simu, paka rangi nzito mpaka pasisomeke kabisa, libaki la kwako. Ile isiyofunikwa itoe kwenye galari na kule zinakokaa picha zilizofutwa, na kama simu yako inahifadhi picha kwenye akaunti ya Google angalia na huko, maana WhatsApp usipoizuia inazishusha picha zenyewe kwenye simu ya kila aliyemo. Kwa hiyo ile karatasi moja ilishakuwa karatasi 64 kabla wewe hujaiona, kwenye simu ambazo mtoto anachezea gemu, fundi simu anaifungua, mume mwenye wivu anaipekua.

Hapo ndo namkatalia kabisa huyo mhudumu na "wote mna hali moja". Kuwa na hali moja hakumpi mtu ruhusa ya kukujua. Mwaka 2015 kliniki moja ya London inayoitwa 56 Dean Street ilituma barua pepe ya taarifa zake za kawaida kwa watu zaidi ya 700, wengi wao wanaishi na VVU, aliyetuma akakosea akaweka anuani zote mahali ambapo kila mmoja anaziona za wenzake, na nyingi zilikuwa zimebeba jina kamili la mtu. Mwaka uliofuata taasisi inayoendesha kliniki hiyo ilipigwa faini ya pauni 180,000. Hakuna aliyekubaliwa kusema mbona wote ni wagonjwa wetu. Na huko yalikuwa makosa ya dakika moja, kwenu ni grupu limetengenezwa kwa makusudi, lina jina, lina admini.

Na siandiki kama malaika. Wakati hizi CTC zinaanza, mimi nilikuwa nasimama mlangoni naita, "Wa CTC wapite huku!" Kwa sauti, na korido imejaa watu wa meno na watu wa presha na waliosindikiza wagonjwa. Niliona nachapa kazi. Siku moja binti mmoja aliyekaa benchi la mbele kabisa, kavaa kitenge cha bluu nakikumbuka mpaka leo, nilipoita akasimama taratibu akatoka nje kama mtu anayeenda chooni. Hakurudi. Faili lake tukaliweka na mafaili ya waliopotea, likakaa huko miezi minane, na aliporudi alirudi amebebwa. Hakuna aliyenifundisha siku hiyo, ila sikuita tena. Tulianza kuita namba, na baadaye tukaita jina moja tu bila kusema anakwenda chumba gani. Lakini sauti yangu ilikuwa inaishia pale koridoni, ya huyu kijana wa grupu inalala na watu nyumbani.

Simfanyi adui hata hivo, namjua anakotoka. Kila mwezi anadaiwa idadi ya waliochelewa na waliopotea, awatafute mmoja mmoja, na mara nyingi simu ni yake mwenyewe, bando analinunua mwenyewe, grupu linamrahisishia. Na hawa watazidi kuwa wengi, mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 nchi nzima ndani ya miaka mitano, na kila mmoja wao atakuwa na simu mfukoni yenye majina ya watu. Kama hawafundishwi hili leo tutakuja kulia.

Maana njia ya kumkumbusha mtu dawa bila kumwanika ipo, na wewe unayo nyumbani miaka sita, si mumeo anakubipu? Simu inaita mara moja inakata. Hata wifi yako angekuwa ameishika asingeambulia kitu. Majirani zetu Kenya walifanya karibu na hivohivo, mradi ulikuwa unaitwa WelTel, wagonjwa 538 kwenye kliniki tatu, nusu yao kila wiki walikuwa wanatumiwa na nesi meseji ya neno moja, "Mambo?" Basi. Mgonjwa anajibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48, akijibu shida au akikaa kimya anapigiwa. Hakuna jina la kliniki, hakuna dawa, hakuna tarehe, na hata wanaotumia simu ya kushea na ndugu walikubaliwa kuingia. Matokeo yalichapishwa 2010 kwenye jarida la Lancet, waliotumiwa "Mambo?" asilimia 57 yao virusi vilifubaa, wasiotumiwa asilimia 48, kwa neno ambalo kila kijana anamtumia mwenzie mara ishirini kwa siku. Huwa nikisikia mtu anasema siri na ufuatiliaji haviendi pamoja namtajia hiyo.

Tuje kwako sasa, nini ufanye. Usirudi kwa yule mhudumu, nenda juu yake, kwa mganga mfawidhi wa kituo, na nenda wewe au mtu mtulivu, baba watoto abaki na hasira zake Tunduma kwanza. Andika barua fupi ya nusu ukurasa, peleka nakala mbili, moja wakugongee mhuri wa kupokea. Sema namba yako iliwekwa kwenye grupu bila ridhaa yako, sema tarehe ile picha ilipopostiwa, na uombe vitu vitatu, grupu lifungwe na wote waambiwe wafute ile picha, namba yako isitumike tena kwenye kundi lolote, na utaje namna unayotaka kutafutwa. Mganga akikuzungusha, juu yake yupo mratibu wa UKIMWI wa halmashauri, na ile namba 199 ya Wizara ya Afya ni bure kupiga. Usipojisikia kwenda mwenyewe ulizia viongozi wa Konga, mitandao ya watu wanaoishi na VVU iliyo chini ya NACOPHA, baraza lao la taifa, hawa wamebeba malalamiko kama yako mara nyingi na wanaweza kulipeleka kama la kituo kizima bila jina lako kutangulia.

Umeuliza sheria. Zipo, na si moja. Katiba yetu ibara ya 16 inalinda faragha ya mtu. Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inamtaka mtoa huduma atunze siri ya anayeishi na virusi. Afu ipo hii mpya ambayo wengi hawajaisikia, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za afya imeziweka kwenye fungu la taarifa nyeti, zile ambazo mtu hazigusi bila ridhaa yako isipokuwa kwa sababu zilizotajwa na sheria yenyewe. Kutoa namba yako ili upigiwe si kukubali ionekane na watu 63 wengine, hayo ni mambo mawili. Ipo na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ilizinduliwa Aprili 2024, inapokea malalamiko ya mwananchi wa kawaida kama wewe, na anayetoa taarifa za mtu kinyume cha sheria faini inafika shilingi milioni 20 au kifungo mpaka miaka 10. Nakutajia ujue uzito wako ukikaa mbele ya mganga mfawidhi, kwa maoni yangu anzia kituoni, Tume iwe hatua ya pili wakikupuuza, maana unachohitaji haraka ni picha ifutwe na dawa ziendelee, kesi inachukua muda.

Kwenye simu yako fanya haya leo hii. Grupu toka, siku hizi ukitoka WhatsApp haiwatangazii wote, wanaoona taarifa ni maadmini tu, japo mtu akiingia kuchunguza orodha ya waliotoka ataikuta namba yako kwa siku 60, kwa hiyo kabla hujatoka badili picha ya profaili, weka ya chapati. Kwenye mipangilio ya faragha weka kwamba wasio kwenye namba zako wasiione picha yako, na pale panaposema nani anaweza kukuongeza kwenye magrupu punguza wabaki watu wako. Kisha kwenye mipangilio ya simu yenyewe, siyo ya WhatsApp, zima meseji zisijisomeshe juu ya kioo, ije tu alama kwamba kuna ujumbe. Hilo peke yake lingetosha kukuokoa siku ile.

Laini ya pili sikushauri. Najua wengi wanakimbilia huko, ila wewe unaishi kwa wakwe, mume yuko safari, siku laini hiyo ikionekana hakuna atakayefikiria kliniki, watafikiria mwanaume, na hapo utakuwa unazima moto kwa mafuta ya taa.

Kuhusu wifi. Alichoona ni herufi tatu na maneno mfike haraka, orodha hakuifungua maana alikurudishia simu, au niseme umenihadithia hivo. Anashuku, hajui. Huna deni la kumwambia, na mtu asikusukume useme kwa sababu ya chapati mbili. Kikoba nacho kiache hapohapo kilipofia, usikijenge, usianze kutaja mwenyekiti wala siku ya kuvunja, kila ukiongeza utabanwa zaidi. Huyu ni dada wa mumeo, na maneno yake yana mwenyewe. Mumeo akirudi, siku ametulia, amkalishe chini dada yake peke yao, asimweleze ugonjwa, amwambie tu simu ya mke wangu isishikwe bila yeye kuitoa, na mambo ya afya ya nyumba yangu nayajua mimi, kama kuna kinachokusumbua niulize mimi. Anaweza kusema hivyo bila kutukana na bila kudanganya. Na ikitokea siku wewe mwenyewe umetaka wifi ajue, kwa sababu umemwamini au umechoka, iwe siku umechagua wewe, na mumeo yupo pembeni. Wewe chapati yake endelea kumwekea.

Yule mama wa Ijumaa mwenye chapati kumi ndo ananiuma zaidi, maana yeye hana wa kumwandikia. Fikiria usiku anavyolala, naye kaona namba yako, naye anajiuliza huyu Mama Chapati anayeongea na mtaa mzima kila asubuhi atanisema lini. Usimfuate kwa stori za grupu. Mtoto akija Ijumaa hii mfungie zile kumi, ongeza ya kumi na moja, mwambie msalimie mama, mwambie nimemkumbuka. Ataelewa.

Na wewe mtoa huduma unayesoma hapa na una grupu kama hili kwenye simu yako, tafadhali leo kabla hujalala waambie wote wafute picha za orodha, wewe ukiwa wa kwanza, kisha lifunge. Siku ya kuchukua namba ya mtu muulize hii simu unaitumia na nani, nikupigie saa ngapi, akipokea mwingine nijitambulishe nani, na nikikutumia meseji niandike nini. Maswali manne, andika majibu pembeni ya namba yake kwenye rejesta. Na usipige picha rejesta, hata ya kumtumia bosi wako.

Mwanangu, tulipoongea mara ya mwisho nilikuuliza ungetaka kliniki ikuandikie nini, ukacheka kidogo, ukasema waniulize kama wateja wangu wanavyoniuliza. Nimeona hakuna lililo bora zaidi, wewe kila siku unapokea meseji za oda kumi. Kwa hiyo kwenye ile barua, sehemu ya namna unayotaka kutafutwa, andika hivi: siku mbili kabla ya tarehe yangu nitumiwe, "Chapati za Alhamisi zipo?" Nikijibu zipo, nakuja. Nikijibu hazipo, nipigieni saa nne asubuhi, saa hizo nakuwa peke yangu.